Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Tusipunguze wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji ili tuwalipe watakaobaki

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
DODOMA.

YAH: IDADI NA MASLAHI YA WAJUMBE WA HALMASHAURI YA KIJIJI

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa mahindi na ufuta mkoani Morogoro. Kwa vipindi viwili, kuanzia uchaguzi wa mwaka 2009 hadi ule wa mwaka 2019, nilikuwa mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji chetu. Sikuwahi kuwa mwenyekiti wala sikutaka kuwa. Nilikaa kwenye Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango, na kazi yangu kubwa huko ilikuwa kujumlisha stakabadhi na kuuliza maswali ambayo mtendaji wetu hakuyapenda.

Ninakuandikia kwa sababu kuna hoja ninayoisikia kila uchaguzi wa serikali za mitaa unapopita, vijiweni na hata kwa viongozi wanaotutembelea, kwamba wajumbe 25 ni wengi mno kwa kijiji kimoja, kwamba idadi ishuke hadi 15, na kwamba fedha itakayookolewa ilipwe posho ya kikao kwa wale watakaobaki. Hoja hii inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli: watu wanaofanya kazi ya Serikali bila malipo wamechoka, na uchovu wao umeanza kuwagharimu wananchi. Ninachokipinga ni hiyo nusu nyingine.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inasema Halmashauri ya Kijiji iwe na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Ndani yake yumo mwenyekiti wa kijiji, wamo wenyeviti wa vitongoji vyote, na wamo wajumbe wengine waliochaguliwa, huku wanawake wakitakiwa wasipungue robo ya wajumbe wote. Idadi ya 25 yenyewe ina umri mkubwa kuliko sheria hiyo, kwani ilikuwamo katika sheria ya vijiji ya mwaka 1975, wakati halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa tangu 1972 na kijiji ndicho kilichobaki kuwa mahali pekee ambapo mwananchi alikaa kikao na kuamua jambo. Wazee waliotutangulia walikuwa na makosa yao, na Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini miaka ya 1970, ilikuwa na machungu ambayo wengine hatujayasahau, lakini katika hili la idadi sioni kwamba walikosea.

Naomba tufanye hesabu pamoja. Chukua kijiji chenye vitongoji vitano, kama chetu. Halmashauri ikiwa na watu 15, sita kati yao ni mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji, na wanne ni wanawake wa ile robo ya kisheria. Wanabaki watano tu wa kuchaguliwa kutoka kwa wananchi wengine wote, wawe wafugaji, vijana, watu wenye ulemavu au wakulima wa bondeni. Ikiwa na watu 25, robo ya wanawake inakuwa saba, na wanaobaki baada ya kuwatoa hao pamoja na wale sita ni 12. Halafu kuna kamati tatu za kudumu, yaani ya Fedha, Uchumi na Mipango, ya Huduma za Jamii na Shughuli za Kujitegemea, na ya Ulinzi na Usalama. Ukiwagawa watu 15 katika kamati hizo, kila moja inapata watano. Mmoja akiugua na mwingine akienda kuuguza hospitali ya wilaya, fedha za kijiji zinabaki mikononi mwa watu watatu, na katika vijiji vyetu si ajabu wawili kati yao wakawa shemeji.

Jambo zito zaidi ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi yote ya kijiji, na imeiwekea mpaka kwamba haiwezi kumgawia mtu ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote watu wazima. Kwenye maandishi mpaka huo ni imara sana. Nje ya maandishi, Mheshimiwa, kinachosafiri kwenda wilayani ni muhtasari pamoja na karatasi ya mahudhurio, na anayeupokea muhtasari huko hana njia rahisi ya kujua kama watu walikaa kweli chini ya mwembe au karatasi ilizungushwa majumbani.

Hilo lilitupata katika kipindi changu cha pili. Mtu mmoja kutoka mjini alihitaji eneo kubwa upande wa bondeni, ambako familia nyingi hulima mpunga wa mvua. Karatasi ya mahudhurio ikaanza kupelekwa nyumba kwa nyumba, jioni, mjumbe mmoja mmoja, pamoja na bahasha ambayo sikuiona lakini niliisikia. Wajumbe tisa walisaini. Wa kumi alikuwa mama wa viti maalumu, muuza maandazi, ambaye alimuuliza aliyeileta karatasi kwamba kikao hicho kilifanyika lini na nani alipiga mbiu. Hakujibiwa. Asubuhi yake kila mtu gulioni alikuwa anauliza swali lile lile, na jambo likaishia hapo. Nimelitafakari tukio hilo miaka mingi. Kwa akidi ya nusu, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao, halmashauri ya watu 25 inahitaji 13, kwa hiyo saini tisa hazikutosha na karatasi ililazimika kuendelea kuzunguka hadi ikamfikia yule mama. Kama tungekuwa 15, nane wangetosha, na karatasi ingekuwa imeshapanda basi kwenda wilayani kabla hajaiona.

Nakiri kwamba vikao vya watu 25 vinachosha. Nimewahi kukaa tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana tukijadili mbuzi wa jirani, wakati ajenda ya ukarabati wa zahanati ikisubiri. Dawa ya hilo ni mwenyekiti anayejua kuendesha kikao, na hajawahi kupatikana kwa kupunguza viti.

Sasa nije kwenye maslahi. Tuseme kila mjumbe analipwa Sh. 10,000 kwa kikao kimoja kila mwezi. Kijiji chenye wajumbe 25 kitatumia Sh. 3,000,000 kwa mwaka, na chenye 15 kitatumia Sh. 1,800,000. Tofauti ni Sh. 1,200,000, na hiyo ndiyo bei tunayoambiwa tuuzie macho kumi ya wananchi. Isitoshe, posho ya kikao huzaa vikao. Tumeliona hilo ngazi za juu, na sina sababu ya kuamini kwamba kijiji kitakuwa na kinga.

Ninachopendekeza ni kutofautisha watu wanaofanya kazi za namna mbili. Mjumbe wa kawaida hukaa kikao kimoja kwa mwezi na kazi za kamati yake. Mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji hawana saa ya kufunga ofisi: ndio wanaogongewa usiku mtu akipigwa, ndio wanaoandika barua ya utambulisho kwa anayekwenda kumdhamini ndugu mahakamani au kufungua akaunti benki, ndio wanaosimama katikati ng'ombe wanapoingia shambani, na wanaokesha kwenye kila msiba. Kwa kuwa hawalipwi mshahara, wengi wao wameanza kujilipa wenyewe. Barua ambayo ni haki ya mwananchi ina bei, na mauziano ya kiwanja yana asilimia yake, ambayo hakuna sheria iliyoipanga lakini kila mnunuzi anaijua kabla hajafika. Ninawalaumu kwa hilo, ingawa lawama yangu inapungua nikikumbuka kwamba tumewapa muhuri bila kuwapa hata fedha ya wino.

Serikali haijashindwa kulitatua tatizo la aina hii mahali pengine. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 ilichukua jukumu la kulipa posho za madiwani kutoka Serikali Kuu katika halmashauri nyingi, na ikaanza kuwalipa watendaji wa kata posho ya madaraka ya Sh. 100,000 kwa mwezi. Nchi yetu ina vijiji zaidi ya 12,000. Kumlipa kila mwenyekiti wa kijiji kiasi hicho hicho ni kama Sh. bilioni 14.4 kwa mwaka. Wenyeviti wa vitongoji ni wengi zaidi na hesabu yao ni nzito, kwa hiyo sioni ubaya wakianza na kiwango kidogo, mradi kiwe kimeandikwa na kinafika. Malipo hayo yaambatane na katazo la wazi la kutoza barua na mauziano ya ardhi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji kwa maandishi makubwa, ili mwananchi ajue kwamba anayemdai fedha anamwibia.

Kwa wajumbe wote 25, badala ya posho, naomba wapewe bima ya afya kwa muda wote wanaotumikia. Chini ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia Sh. 30,000 kwa mwaka, na kwa kiwango hicho kijiji kingewakatia bima wajumbe wake wote na familia zao kwa Sh. 750,000, yaani robo ya gharama ya zile posho za vikao. Najua Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta utaratibu mwingine wa michango na kwamba kiasi kitakuwa kikubwa zaidi. Hata hivyo bima ina sifa moja ambayo posho haina: haiongezeki mtu anapoitisha vikao vingi, na haigawanywi kwenye bahasha.

Utauliza fedha itatoka wapi. Kijiji kinastahili asilimia 20 ya ruzuku inayofidia vyanzo vya mapato vilivyofutwa, utaratibu uliofuata kufutwa kwa kodi ya maendeleo mwaka 2003. Katika miaka yangu kumi kwenye kamati ya fedha, asilimia hiyo ilitufikia mara chache sana na kamwe haikufika kamili, na kila tulipouliza wilayani tuliambiwa tusubiri. Ikitengwa sehemu yake kwa ajili ya bima ya wajumbe na ikalipwa moja kwa moja kwa mfuko, bila kupita kwenye akaunti ya halmashauri ya wilaya wala ya kijiji, hakutakuwa na haja ya mtu yeyote kuambiwa asubiri.

Kuhusu idadi, ombi langu linakwenda kinyume cha upepo. Ukomo wa juu ubaki 25, na ukomo wa chini upandishwe kutoka 15 hadi 21, ili kila kamati ya kudumu iwe na watu saba. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni mwaka 2029. Marekebisho ya sheria yakipelekwa bungeni mapema, kanuni za uchaguzi huo zitaandikwa zikiwa zimeshayabeba, na wananchi watajua kabla ya kujiandikisha kwamba wanachagua wangapi na kwamba watakaochaguliwa watapata nini.

Nipo tayari kufika Dodoma kwa nauli yangu endapo maelezo zaidi yatahitajika, pamoja na madaftari yangu ya mapato na matumizi ya miaka hiyo kumi, ambayo bado ninayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa zamani wa Halmashauri ya Kijiji,
Mkoa wa Morogoro.