Kijani kina heshima yake, lakini si sharti la msikiti

Mhariri,

Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ukikaribia, Bagamoyo huanza kununua rangi, na ndani ya kamati za misikiti huzuka mjadala ule ule. Huyu anasema msikiti usio na kijani haujakamilika, yule anasema kijani ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Wa tatu ananong'ona kuwa hiyo ni rangi ya chama cha CCM, wa nne ni shabiki wa Yanga, wavaa kijani, na anacheka tu. Naomba nafasi niseme kijani kinasimama wapi, na ukutani kikae vipi.

Katika Qur'ani, kijani ni rangi ya Peponi na ya ardhi iliyopata mvua. Al-Kahf aya ya 31 na Al-Insan aya ya 21 zinawataja watu wa Peponi wakiwa na nguo za kijani za hariri, laini na nzito. Ar-Rahman aya ya 76 inataja matakia ya kijani, na juu kidogo, aya ya 64, kuna neno moja tu: mudhaammataan. Ni bustani mbili zilizokolea kijani hadi kuelekea weusi. Mwenye kuitazama mikoko yetu kwa mbali baada ya masika ameshaiona rangi hiyo. Al-Hajj aya ya 63 inasema maji yanateremshwa kutoka mbinguni na ardhi inakuwa kijani. Kote huko ni sifa na neema. Hakuna amri ya kupaka wala kuvaa.

Kwenye Hadithi, Abu Rimtha alimwona Mtume (S.A.W.) amevaa nguo mbili za kijani, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Lakini rangi aliyotuagiza kuvaa na kuwakafini maiti wetu ni nyeupe. Siku ya kuingia Makka kilemba chake kilikuwa cheusi, na bendera zake zimepokewa kuwa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo anayesema kijani ndiyo "rangi ya Uislamu" amevuka mpaka, na anayekiita bidaa amevuka upande wa pili.

Mengi tunayoyahusisha na kijani yalikuja baadaye, na mengine kwa siasa. Mwaka 817 Khalifa al-Ma'mun alimteua Ali al-Ridha, wa kizazi cha Mtume, kuwa mrithi wake, akaamuru nyeusi ya ukoo wake, Bani Abbas, iachwe na kijani kivaliwe. Miaka miwili baadaye nyeusi ilirudi. Mwaka 773 Hijria Sultani Sha'ban wa Misri akawaamuru masharifu, yaani watu wa kizazi cha Mtume, waweke alama ya kijani kilembani ili watambulike. Hata kuba la Madina, lililo juu ya kaburi la Mtume na lililojengwa mwaka 1279, halikupakwa kijani hadi mwaka 1837. Na bendera ya masultani wa Unguja, waliotawala mwambao huu, ilikuwa nyekundu.

Sasa ukuta. Misikiti yetu ya zamani ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wenye chumvi kutoka chini na kuutoa nje kupitia chokaa. Ukiupaka rangi ya mafuta, umeuziba. Chumvi inaganda nyuma ya rangi, yanatoka malengelenge, kwanza chini usawa wa goti, kisha rangi inabanduka na plasta yake. Fundi anaitwa, anapiga mkono mwingine juu yake, na kamati inachangisha tena mwakani. Wanailaumu bahari, kumbe kosa ni kopo la rangi.

Anayetaka kijani ukutani akichanganye na chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji. Kwa kilo 10 za chokaa, rangi ya unga isizidi kilo 1. Ikizidi, chokaa haiwezi kuishika. Unga uloekwe kwanza peke yake na uchujwe kwa kitambaa, la sivyo utaacha michirizi. Na si kila kijani kinafaa. Kile kilichotengenezwa kwa bluu ya Prussia na njano huuawa na chokaa, kikabaki hudhurungi. Kinachodumu ni cha oksidi ya kromiamu. Muuza duka asipojua anachouza, changanya kijiko kimoja na chokaa hiyo iliyozimwa, ikiwa bado na maji, kwenye glasi, uache siku kadhaa: kikibadilika, kirudishe dukani. Ukuta uloweshwe maji, upakwe mikono mitatu au zaidi, myepesi kama maziwa, kila mmoja siku yake, na jua likiwa limepungua. Ukipaka jua la saa saba, chokaa inakauka kabla ya kushika, na atakayeegemea ataondoka na kijani mgongoni mwa kanzu. Usiogope kikionekana kimekolea kikiwa kibichi. Kikikauka hupauka sana.

Rangi ya mafuta iacheni kwa mbao: madirisha, mabao ya paa, milango isiyo na nakshi. Mlango wa nakshi ukipakwa mara tano, maua yake yanazibika na hayafunguki tena kwa msasa.

Kuna na kitambaa cha kijani cha kufunikia jeneza. Chenyewe hakina neno, ila kishonwe kitupu, bila aya. Kitambaa hicho huburutwa, hulowa mvua, na pale kaburini huangushwa chini watu wakakikanyaga. Kikiwa kitupu, kinafuliwa kama kitambaa kingine chochote.

Msomaji wenu,
Bagamoyo