Shangazi, bwanangu amekataa kusaini mkataba na hakuniambia

Shikamoo Shangazi. Naandika hii saa tisa usiku, watoto wamelala na yeye pia amelala juu ana ndege ya asubuhi, mimi ndiye nimebaki macho na huo mkataba hata si wangu. Tafadhali usiweke jina langu, hapa Kisumu watu wanajuana.

Bwanangu ni rubani. Si wa zile ndege kubwa za kwenda London, ni hizi za propela, Nairobi, Kisumu, Eldoret, saa zingine pwani. Yeye ni fasti ofisa, yaani anakaa kando ya kapteni. Watu wakisikia rubani wanaona pesa, hata fundi akija kutengeneza bomba akiona ile shati yenye mistari mabegani imeanikwa kwa kamba bei inapanda hapo hapo. Hawajui mshahara ulikatwa 2020 wakati ndege zilisimamishwa, wakaambiwa wavumilie kidogo tutarudisha mambo yakiwa sawa. Ndege za humu nchini zilirudi Julai mwaka huo huo. Mshahara mpaka leo haujarudi pale ulipokuwa.

Sasa kampuni imewaletea mkataba mpya, si wa wote pamoja, kila mtu anaitwa ofisini peke yake anapewa wake. Na yeye akakataa kusaini. Sawa, ni kazi yake, lakini hakuniambia. Nilisikia kwa chama chetu cha wanawake, Shangazi. Nimeketi na sahani ya chapati magotini, mke wa kapteni mmoja ananigeukia mbele ya wanawake wote ananiambia, "Na nyinyi mtagoma mpaka lini, si wenzenu tushasaini." Nikacheka tu. Sikuwa najua kuna kitu cha kusaini. Mwenyekiti akaniangalia vile mtu huangaliwa akiwa amepatwa, halafu wakaendelea na mambo ya michango.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza, akasema hakutaka kunipa presha. Presha gani? Mimi ndiye niliishi naye bedsita Nairobi West akitafuta kazi na leseni mkononi, kampuni zote zinamwambia masaa yake 200 ni machache, mpaka akapata ndege ndogo, Caravan, ya kupeleka miraa Somalia. Hiyo miezi nilikuwa nikisikia Somalia kwa redio natoka nje. Hiyo haikuwa presha? Kwa hivyo leo karatasi ndiyo ya kunificha?

Sisemi alikosea kukataa. Kwanza nilidhani ni kiburi, nikamwambia hivyo na tukakorofishana, lakini baadaye aliniletea hizo karatasi mezani akanionyesha na penseli. Kwa juu inaonekana tamu, mshahara unapanda asilimia 18. Geuza ukurasa. Ule mkataba wa zamani uko na masaa ya garantii, yaani hata ukiruka masaa 40 kwa mwezi unalipwa 60. Huu mpya unalipwa yale umeruka tu. Na saa yao, Shangazi, mimi sikuwa najua hii miaka yote, inahesabiwa kuanzia ndege ianze kusogea mpaka isimame. Akachukua kitabu cha hesabu cha mtoto akaandika nyuma siku yake moja: kutoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, Kisumu Nairobi dakika hamsini hivi, kurudi, kungoja, kwenda tena, jioni mvua ya ziwa imefunga anakaa uwanjani mpaka ipite, anaingia nyumbani saa mbili usiku. Hiyo siku yote ikatoka chini ya masaa manne ya kulipwa. Ile ya kungoja hakuna mtu anailipa. Sasa toa garantii, ifike mwezi wa nne na wa tano mvua iko na watalii hawako, utakula nini? Ile asilimia 18 inaisha yote na bado unadaiwa.

Halafu kuna bondi. Ukitaka wakupandishe uwe kapteni, wanakupeleka sim, ile mashine ya kufunzia urubani, wanasema umetumia pesa yao, uwafanyie kazi miaka mitatu, ukitoka kabla unalipa yote. Na kuna mstari mmoja mdogo hapo mwisho eti anayesaini anakubali mambo ya mshahara wake yatazungumzwa na yeye peke yake. Hapo ndipo alipiga penseli mara mbili karatasi ikataka kupasuka.

Kwa sababu marubani wanataka kuingiza yunioni, chama cha kutetea wafanyakazi. Alinieleza sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007, mwajiri lazima atambue yunioni ikiwa imepata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Wao walikuwa wamepita nusu, kidogo tu. Wakishatambuliwa wanaketi mezani, mkataba wa pamoja ukishasajiliwa kwa korti ya wafanyakazi unaingia kwa mkataba wa kila mmoja, hata yule hakuwa anataka. Kwa hivyo kampuni inakimbia kusainisha watu mmoja mmoja kabla hiyo hesabu ifungwe. Nikamuuliza mmebaki wangapi, akasema wakitoka watatu ama wanne hivi tumerudi chini ya nusu. Na yeye ni mmoja wa hao wanaoangaliwa. Hii pia sikuambiwa mpaka nilipouliza.

Huyo kapteni ambaye mkewe aliniaibisha kwa chama, yeye ndiye alisimama kwa mkutano wao akasema asisaini mtu. Akasaini wiki iyo iyo. Bwanangu anamheshimu sana, ndiye alimfundisha kutua Kisumu upepo wa ziwa ukiwa mbaya. Hajamsema vibaya hata siku moja, na mimi hiyo inaniuma kuliko angemtusi.

Nikimwambia tuna watoto, ananiletea habari za Marekani. Ati huko 2009 ndege ndogo ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo watu 50 wakafa, na uchunguzi ukaleta maneno ya uchovu, rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande ule mwingine wa nchi kufika kazini na mshahara wake ulikuwa mdogo sana. Halafu marubani walipokosekana baada ya korona, 2022, zile kampuni ndogo za chini ya American Airlines zikapandisha fasti ofisa wa mwaka wa kwanza mpaka dola 90 kwa saa ukihesabu na ile nyongeza isiyo ya kudumu. Anaona hiyo ndiyo ushahidi kwamba mshahara wa rubani unaweza kupanda kampuni isife. Nikamwambia hiyo ni Marekani huko, sisi tuko Migosi, Kisumu. Hapa marubani ni wengi mtaani na leseni zao wanauza magari.

Na mgomo nauogopa, sikufichi. Nakumbuka Novemba 2022 wale wa Kenya Airways walipogoma kwa ajili ya pesa za akiba ya uzeeni, abiria maelfu wamelala uwanjani, kila mtu kwa WhatsApp anawaita wachoyo, siku chache korti ikawaambia warudi kazini na wakarudi. Hao wana KALPA, yunioni ya marubani, nyuma yao na bado walitukanwa namna hiyo. Hawa wangu ni wachache, ni nani atawajua? Mama mkwe akasikia neno mgomo alinipigia akaniuliza kama nimemshindwa mtoto wake. Mimi! Na mimi ndiye wa mwisho kujua.

Ngoja nieleze pia kwa nini hii haikuwa ya kuamua peke yake, usione kama ni tamaa ya nyongeza. Mimi ni mwalimu, mshahara wangu naujua na naishi nao. Lakini shule ya urubani pale uwanja wa Wilson, Nairobi, haikulipwa na kwao. Kwao walitoa ng'ombe na maombi. Pesa ilitoka benki na hati iliyowekwa ni ya shamba la baba yangu, Butere. Baba alitoa hati ya shamba kwa ajili ya mkwe, tena kabla mahari haijaisha, ndugu zangu wa kiume wakanuna na mpaka leo hawajanyamaza. Mkopo haujaisha, 2020 ulisimama na riba ikaendelea kutembea. Kila mwezi baba ananiuliza kwa simu, "Mambo ya ndege yanaendelea?" na mimi najibu yanaendelea vizuri baba. Kwa hivyo hiyo sahihi si yake peke yake. Angalau angeniuliza. Angeniambia tu, wameniletea karatasi na sitaisaini, ningekasirika, ningelala, asubuhi tungeongea. Lakini kusikia na chapati magotini, Shangazi.

Sasa barua ya mwisho imekuja, mwisho ni Ijumaa. HR wameandika asiyesaini atabaki kwa mkataba wa zamani "hadi utakapokaguliwa upya". Mwenzake mmoja anasema hawawezi kubadilisha masharti ya mtu hivi hivi, sheria ya ajira inataka ashauriwe na aandikiwe. Sawa, lakini rosta ni yao. Hawana haja ya kukufukuza, wanakupa masaa machache tu mpaka uende mwenyewe.

Na kuna kitu kingine. Yule mke wa kapteni amenipigia simu mara mbili tangu ile siku. Ameongea vizuri, ati yeye pia ni mama, ati niongee na bwanangu polepole usiku akiwa ametulia, akisaini kabla ya Ijumaa atawekwa kwa wale wa kwanza kupandishwa kapteni. Mara ya pili nikamuuliza nani amemtuma, akasema hakuna, lakini alijua mambo ya mkopo wetu na mimi sijawahi kuyasema kwa chama. Nilikata simu nikitetemeka. Nilikasirika mpaka nikashangaa, kwa sababu si hicho ndicho mimi mwenyewe nimekuwa nikimwambia bwanangu, saini tulipe deni? Lakini kikitoka kwa mdomo wa huyo mama kilinuka. Nikajiona nimesimama na bwanangu bila kupanga.

Hizo simu sijamwambia. Najua utasema na mimi naficha, lakini si sawa na yake. Nikimwambia kapteni wake anatumia mkewe, ataenda kazini vipi kesho wakae wawili kwa kile kijumba cha mbele na abiria nyuma? Mimi naficha ili aruke salama. Yeye alificha nini?

Swali langu ni baba. Nataka kwenda Butere Jumatano, nimwambie kabla ya Ijumaa kwamba hati yake iko hatarini, mkwe wake amekataa pesa na anaweza kupunguziwa masaa. Baba ni mzee wa reli, naye waligoma enzi zake, anaweza kuelewa. Lakini ndugu zangu wakijua watakuja hapa kwangu, na baba akimpigia simu bwanangu aseme saini, atasaini. Najua atasaini, hawezi kumkatalia baba. Halafu hesabu yao ianguke chini ya nusu kwa sababu yangu, na wale wenzake ambao watoto wao wanasoma na wangu waniangalie vipi? Nikinyamaza nako, mambo yaharibike, baba asikie kwa watu kama vile mimi nilisikia kwa watu. Hiyo siwezi kumfanyia baba, kwa sababu najua inavyouma.

Niende nimwambie ama nimwache bwanangu aende mwenyewe amweleze kwa mdomo wake? Na nikimwambia aende mwenyewe si itabidi nimwambie na hizo simu? Nijibu kabla ya Jumatano Shangazi, hata kwa ufupi. Na tafadhali usiniambie nimshawishi asaini, hiyo sitaki kuisikia tena kwa mtu yeyote.

Mke wa rubani, Kisumu