Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nani Anamla Nani Ziwani

Ndugu wanachama, wazee wangu wa mwalo, kina mama wa kayabo na dagaa, vijana wa mitumbwi,

Akidi imetimia. Muhtasari wa mkutano uliopita mnao mikononi. Hesabu atazisoma mhazini mwenyewe, kwa sababu mwaka jana nilizisoma mimi nikaruka ukurasa mzima. Chanja mpya za kuanikia dagaa zimesimama na hakuna aliyelalamika, jambo ambalo hapa kwetu ni sawa na sifa. Choo cha mwalo kimekamilika isipokuwa mlango.

Yaliyobaki karibu yote ni habari ya ugomvi mmoja juu ya samaki wa Ziwa Victoria.

Mwezi Aprili wenye nyavu za sangara walileta barua kwenye kamati wakitaka wavuvi wa dagaa wafungiwe. Hoja yao ni kwamba dagaa ni chakula cha sangara, kwa hiyo kila ndoo ya dagaa inayoshushwa hapa ni sangara aliyelala njaa. Wenye taa, yaani hao wavuvi wa dagaa, wakajibu kwamba sangara ndiye mgeni na dagaa ndiye mwenyeji, na mengine ambayo katibu aliona heri asiyaandike. Kwa kuwa nilifundisha baiolojia kabla ya kustaafu, nikatwishwa kazi ya kuleta jibu. Nimelileta, lakini hakuna upande utakaoondoka nalo kama ushindi.

Tulianza na matumbo. Kina mama wanaopasua sangara kwa ajili ya kayabo, yaani sangara wa chumvi, walikubali kututunzia matumbo kwa miezi mitano, tukawa tunayafungua mezani mbele ya yeyote aliyetaka kuona. Harufu mnaikumbuka. Sangara wadogo walikuwa wamejaa uduvi. Wakubwa walikuwa na dagaa, kweli, na furu pia, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, na mara nyingi walikuwa na sangara wenzao wadogo. Hayo hayo ndiyo watafiti wa ziwa hili wameyaeleza kwa miaka mingi, ila nilitaka tuyaone kwa macho yetu, maana maneno ya mtafiti hapa mwaloni hayana uzito wa tumbo lililopasuliwa.

Sasa twende kwenye mgao, ambao ninyi mnaujua kuliko mimi. Mtumbwi ukirudi hatugawani chochote kabla ya kutoa gharama: mafuta, betri za taa, chakula cha wavuvi, kipande cha wavu kilichobaki mwambani. Ziwani ni hivyo hivyo, ila gharama za huko zinatisha. Mwani mdogo usioonekana kwa macho ndio unaokamata mwanga wa jua, tena kidogo sana, mara nyingi haifiki hata asilimia 1 ya mwanga unaoshuka. Mwani unaliwa na wanyama wadogo wanaoelea majini, hao wanaliwa na dagaa, dagaa wanaliwa na sangara. Kila mlaji hutoa gharama zake kwanza: kupumua, kuogelea, kukimbia adui, kutaga. Kingine kinatoka kama kinyesi. Mmarekani mmoja, Raymond Lindeman, alipiga hesabu ya namna hii katika kiziwa kidogo cha Minnesota, ikachapishwa mwaka 1942. Kutokana na kazi yake na ya waliomfuata tukapata makadirio ambayo nimeyafundisha nusu ya maisha yangu, kwamba kinachovuka kutoka kwa anayeliwa hadi kwa mlaji ni kama sehemu moja ya kumi. Si kipimo cha mizani, kinaweza kuwa pungufu au zaidi. Lakini tukikichukua kilivyo, kilo 1,000 za mwani zinazaa kilo 100 za wanyama wadogo, hizo zinazaa kilo 10 za dagaa, na hizo kilo 1 ya sangara.

Hapo ndipo mzee mmoja wa nyavu za sangara alipokaa chini kwenye kikao cha Agosti akauliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, sangara wangu mmoja ni ndoo ngapi za dagaa?" Swali zuri: kwa hesabu hiyo, kila kilo yake ni kilo 10 za dagaa. Ndiyo maana leo, kwa uzito, dagaa ndio wanaoongoza katika mavuno ya Ziwa Victoria. Anayekula dagaa kwa ugali hapa Ukerewe anakula karibu zaidi na jua kuliko anayekula minofu ya sangara Ulaya, na jua lile lile linaweza kulisha watu wengi zaidi wa aina yake.

Wenye taa, msipige makofi bado.

Wazee wanaikumbuka enzi ya furu. Katika miaka ya 1970 furu walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani, na aina zao zilikaribia 500. Wapo waliokula konokono, wapo waliokula samaki wenzao, na wengi sana walikula tope, yaani mwani uliokufa na kuzama. Sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatulia kama mpangaji mwenye adabu, halafu miaka ya 1980 akafumuka. Aina kama 200 za furu hazikuonekana tena. Lakini tope lilibaki pale pale, na chakula kisicho na mlaji hakikai muda mrefu. Uduvi ndio walioingia kazini, wakazaana kuliko zamani, na watoto wa sangara wakakulia juu ya uduvi. Tangu miaka ya 1990, sangara alipovuliwa akapungua, baadhi ya furu wamerudi, na ndiyo maana tumewakuta tumboni.

Kwa hiyo njia ya kwenda kwa sangara si moja. Ipo ya dagaa, ipo ya uduvi na tope, ipo ya furu, ipo ya watoto wake mwenyewe. Kuifunga taa ya mwenzako hakufungui njia zote hizo. Kinachozikata zote kwa mpigo ni kokoro, ambalo likikokotwa ufukweni linazoa uduvi, furu, vifaranga vya sato na sangara wa kiganja kimoja pamoja. Sangara aliye chini ya sentimita 50 kisheria haruhusiwi kuvuliwa. Hapa mwaloni kokoro na timba, wavu mwingine haramu, zinalala kwenye nyumba ambazo sote tunazijua, na mbili kati ya hizo ni za watu waliotia sahihi ile barua ya Aprili. Sitaji jina. Wamesikia.

Kuna upande wa pili ambao nasi tunahusika moja kwa moja. Nguvu ya jua ikishatumika imekwenda, kesho ni lazima jua lichomoze upya. Fosforasi na nitrojeni haziendi hivyo. Zinazunguka: kutoka kwenye mwani hadi kwa samaki, kutoka kwa samaki aliyeoza hadi kwenye tope, na inapofika Juni na Julai, upepo wa kusi na baridi vinapochanganya maji ya juu na ya chini, sehemu yake inapanda tena kulisha mwani. Samaki wakiondoka kwa gari kwenda Mwanza, kayabo wakivuka kwenda Kongo, kiasi fulani kinatoka ziwani ndani ya mifupa. Hata yale mawingu ya wadudu yanayopanda kama moshi mwezi unapoandama, yakajaa kwenye taa zetu na kwenye chai, ni tope la ziwa lililoota mabawa. Mbayuwayu wanashukuru, mke wangu hashukuru.

Tatizo ni kwamba kinachoingia kimezidi sana. Udongo wa vilima vilivyolimwa hadi ukingoni, maji machafu ya miji, na kitu ambacho wengi hamkutarajia: moshi na vumbi. Kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwa hili ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mvua hiyo inashusha fosforasi iliyopeperushwa na mashamba yaliyochomwa. Ukiwasha moto wa kuandaa shamba, unaliwekea ziwa mbolea. Mwani umeongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1960. Ukifa unazama, na kuoza kwake kunakula oksijeni vilindini. Kamongo anapanda juu kuvuta hewa, yeye hana shida. Sangara anataka oksijeni nyingi kuliko samaki wetu wengi, na mwisho wa 2020 kuelekea Januari 2021, upande wa Uganda na Kenya, sangara waliokufa walielea ufukweni. Upungufu wa oksijeni ndio uliotajwa kuwa chanzo. Wale hawakuuawa na taa ya dagaa.

Kutokana na hayo, kamati imeikataa barua ya Aprili. Badala yake tunaleta mambo haya mpige kura leo. Kokoro na timba zisalimishwe ndani ya siku 30, baada ya hapo majina yanapelekwa kwa afisa uvuvi, hata kama jina ni langu. Mafunjo na matete ya upande wa mashariki yasichomwe wala kulimwa, maana yanakamata udongo kabla haujafika majini, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeshaweka mita 60 za kulindwa kutoka ukingoni, ambazo tumezigeuza bustani za mchicha. Kina mama wameomba tanuri bora za kubanika, kwa sababu sangara ana mafuta, hakauki kwa jua kama furu wa zamani, anataka kuni, na kuni ndizo zilizokivua nguo kilima chetu. Ombi lao naliunga mkono bila maneno mengi.

Limebaki la vizimba vya kufugia sato ziwani. Wanachama watatu wameomba nafasi. Mimi sivipingi, lakini chakula cha vizimba kinatoka nje ya ghuba, mara nyingi kina dagaa ndani yake, na mabaki pamoja na kinyesi huanguka chini ya kizimba. Ghuba yetu ni ya kina kifupi na maji yake hayatembei. Nimewaomba watafute sehemu yenye mkondo, wawili wamekubali, wa tatu amesema nimemwonea wivu. Tumlete kwenye mengineyo.

Kuhusu choo, ambacho sasa mnaelewa kwa nini nilikisumbukia kuliko chanja: fundi ameahidi mlango Jumanne. Mhazini, karibu.