Wamuxe wa Juchitán hawaishi peponi

Mhariri,

Makala nyingi husema wamuxe wa Juchitán, jimboni Oaxaca, Meksiko, wanakubalika bila shida. Sivyo. Wazapoteki, wenyeji wa asili wa huko, huwahesabu kuwa jinsia ya tatu. Huzaliwa wanaume, na wengi hutarizi mavazi ya sherehe au hubaki nyumbani kuwatunza wazazi wazee. Utunzaji huo ni mzigo pia, ingawa wageni huuona heshima tupu. Dini haiko mbali: hekaya husema mfuko wa Mtakatifu Vicente Ferrer, msimamizi wa mji, ulitoboka juu ya Juchitán, wamuxe wakamwagika. Vela yao ya Novemba, yaani sherehe ya mkesha, ina misa, kisha dansi usiku kucha. Mwanamume huingia na katoni ya bia. Kesho yake kuna kile kiitwacho "kuosha vyungu", yaani karamu nyingine.

Msomaji wenu