Picha za zamani: msizilamineti jamani

Habari zenu wanakikundi. Wale mnaoleta picha na barua za zamani za mtaa Jumamosi, naomba sana msizilamineti na msibandike selotepu popote hata kama imechanika vipi, ile gundi ikizeeka inageuka njano inaingia kwenye karatasi na kuitoa ni kazi kweli kweli. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, taratibu bila kukandamiza, nani yuko pichani, wapi, mwaka gani kama mnaujua, peni hapana maana wino unapenya mpaka mbele. Picha nzuri namna gani bila hata jina moja kwetu inabaki pambo tu.

Tutaskani hapo hapo kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kila inchi, ili hata vitu vidogo vionekane), faili la TIFF, aina ya faili la picha linalotunza ubora, na picha yako unaondoka nayo, hatumnyang'anyi mtu albamu yake 😄 Kopi zinakaa sehemu tatu, moja nje ya jengo letu, maji yakiingia tusije tukalia wote.

Na mnaoenda kurekodi wazee, muulizeni kwanza kama anakubali sauti yake isikilizwe na wengine, halafu mwacheni aongee, sio kila akitaja mwaka mnaanza kumsahihisha.