Harusi ya shambani ya Kiskoti haipigwi picha saa 7 mchana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kamati za harusi za huku kusini, na hasa na vijana wanaokaribia kuoana, juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa misimu miwili sasa. Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Mikindani, mkoani Mtwara. Zamani wateja walinijia na albamu ya ndugu yao aliyeolewa Dar es Salaam, wakasema wanataka kama ile. Siku hizi wananijia na simu, na ndani ya simu mna picha za harusi ya shambani huko Uskoti: bwana harusi amevaa kilti, ile sketi ya miraba ya wanaume wa kwao, bibi harusi ameshika maua ya porini, wageni wamekaa juu ya marobota ya nyasi kavu mbele ya ghala la mawe, hakuna hata mmoja anayeitazama kamera, na juu yao wote umetandazwa mwanga laini usio na kivuli kikali. Wananiambia kuwa wanataka harusi tulivu namna hiyo chini ya mikorosho ya baba. Kisha mwenyekiti wa kamati ananikabidhi ratiba, na katika ratiba hiyo picha za maharusi zimepangwa saa 7 mchana.

Sina ugomvi na wanaopenda mambo ya Uskoti, wala sisemi kwamba harusi ya ukumbini yenye viti vya kuvalishwa na taa za rangi ndiyo harusi halali. Ninachosema ni kwamba picha zile zimetengenezwa kwanza na mbingu ya kwao, na mbingu haikodishwi pamoja na turubai.

Mji wa Edinburgh uko karibu na latitudo ya 56 kaskazini, nasi hapa tuko kama nyuzi 10 tu kusini ya ikweta. Kwao, hata katikati ya Juni, jua halipandi zaidi ya nyuzi 58 hivi kutoka upeo wa macho, maana yake ni kwamba hata saa 7 mchana linawapiga watu kwa ubavuni, tena mara nyingi kupitia wingu. Hapa Mtwara jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba, na kwa miezi mingi iliyobaki haliko mbali na hapo. Mtu akisimama chini yake macho yake hugeuka mashimo mawili meusi, pua ikaangusha kivuli juu ya mdomo, na gauni jeupe likawaka hadi ushonaji wake wote ukapotea. Jioni nayo ni tofauti. Huko Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, na kwa kuwa linashuka kwa mshazari, mwanga wa dhahabu wanaousifu wapiga picha hukaa muda mrefu. Watu wanakula, wanahutubia, wanacheza, na bado mpiga picha ana muda wa kuwaita maharusi kando kwa utulivu. (Desemba hali hugeuka, kwa maana jua huwazamia kabla ya saa 10 alasiri, lakini picha hizo hakuna anayeniletea.) Sisi jua letu huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, tena hushuka wima kama ndoo kisimani. Akiadhini mwadhini wa magharibi, kinachobaki ni dakika chache, na watu wakitoka msikitini ni giza.

Mwezi Agosti uliopita nilipewa kazi katika shamba la mikorosho nje kidogo ya Mikindani. Binti wa hapa aliolewa na kijana wa Kiskoti. Ndoa yenyewe ilikwisha kufungwa bomani, na siku hiyo ilikuwa ya karamu tu. Niliiomba kamati tuanze saa 9 na nusu alasiri, wakakataa kwa sababu chakula kilikuwa kimeagizwa kwa saa 8. Nikanyamaza, na hapo kosa likawa langu, kwa sababu sikuwa nimelitembelea shamba lile saa ya mchana hata mara moja. Nilijua kuwa mkorosho una kivuli kizito, nikadhani kivuli hicho kitatuokoa. Kumbe miti ile ilikuwa imepogolewa, na mwanga ulipenya kwenye matawi kwa matundu, ukawamwagia maharusi madoa meupe usoni na mabegani hadi wakafanana na chui. Nilipowasogeza ndani zaidi, kwenye majani mazito, ngozi ya bwana harusi ikachukua ukijani wa majani kwa juu na wekundu wa mchanga wetu kwa chini. Nilipomwambia aegemee tawi, koti lake jeusi likatoka na vumbi la manjano, maana jirani na mwenye shamba walikuwa wamepulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, asubuhi ileile. Anayetaka harusi shambani Julai au Agosti amuulize mkulima alipulizia lini; swali hili halimo katika ratiba yoyote niliyopata kuiona.

Ilikuwapo pia shida ya ngozi mbili. Bibi harusi ni mweusi wa kung'aa, na mumewe ni mweupe aliyekwisha kuwa mwekundu kwa siku nne za ufukweni. Kamera ikiachwa iamue yenyewe katika jua la utosi, itamchagua mmoja na kumharibu mwenzake, na kwa bahati mbaya anayeharibiwa mara nyingi ni bibi harusi, anayegeuzwa kivuli chenye meno. Dawa yake ni kuwatoa wote wawili juani na kuwapeleka mahali penye kivuli kamili lakini panapoangaliana na eneo la wazi, kama vile ukingo wa baraza, kisha kupima mwanga usoni kwa bibi harusi na kuangalia kuwa gauni halijaungua kwa mwanga. Kazi hii yahitaji dakika 20 za utulivu, nami nilipewa 5, huku mshereheshaji akiniita jina langu kwenye kipaza sauti.

Picha zote zilizochaguliwa na familia kwa ajili ya albamu, isipokuwa 3, nilizipiga baada ya saa 10 na nusu, wakati ratiba ilikuwa imekwisha kuvunjika na kila mtu amenisahau. Iliyopendwa kuliko zote sikumpanga mtu hata mmoja. Babu wa bibi harusi alikuwa amekaa mkekani na msuli wake wa miraba, akamwita mjomba wa bwana harusi, aliyekuwa amevaa kilti yenye miraba ya kijani na buluu, akashika pindo la vazi lile kati ya vidole viwili kama anunuaye kitambaa dukani. Akauliza ni yadi ngapi. Mjomba akajibu, kwa tafsiri ya bibi harusi, kwamba ni yadi 8, na akaeleza kuwa serikali ya London iliwahi kuwakataza wanaume wa nyanda za juu za Uskoti kuvaa mavazi haya tangu mwaka 1746, baada ya uasi wao kuzimwa, na kwamba amri hiyo haikuondolewa hadi 1782. Mzee akatikisa kichwa. "Basi mwanangu, huu ni msuli kama wangu," akasema, "ila wako umeshonwa na mtu mwenye pesa." Jua lilikuwa limeshuka chini ya matawi, limewapiga kwa ubavuni kama ambavyo lingewapiga kwao, na miraba miwili ilionekana uzi kwa uzi. Ningewaamuru wasimame pamoja na kutabasamu saa 7, ningepata wanaume wawili waliokunja macho.

Utulivu huo ndio ninaowasihi wenzangu wauige, ikiwa lazima tuige. Kwa nilivyoelezwa na wageni wale, harusi ya shambani ya kwao haina picha nyingi za kupanga: za jamaa hupigwa upesi, kwa orodha fupi, mara tu baada ya kiapo, kisha mpiga picha huachwa azunguke. Na kiapo chenyewe kinaweza kufanyika kondeni au kando ya ziwa, kwa kuwa sheria yao humpa idhini mfungishaji ndoa wa dini au wa itikadi badala ya kulipa idhini jengo; tangu 2005 hata wafungishaji wasiofuata dini yoyote wameruhusiwa. Baadhi yao hufungana mikono kwa kitambaa, na hunywea pamoja kikombe chenye vishikio viwili. Vyote hivyo ni vitendo vya mikono, na kwa mpiga picha mikono haidanganyi kama nyuso zinavyodanganya. Sisi tunavyo vya kwetu vinavyofanana na hivyo, hina inapopakwa, mkufu unapofungwa, mama mkwe anapotandika khanga njiani, lakini mara nyingi vinafanyika chumbani wakati mpiga picha ametumwa nje akapige picha za keki.

Usiku wanacheza ngoma iitwayo ceilidh, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza zaidi. Katika ngoma hiyo kuna mtu anayeita hatua kabla hazijachezwa, na wageni wote, wazee kwa watoto, huingia uwanjani hata kama hawajui lolote. Kuna mchezo mmoja, Strip the Willow, ambao mtu hushikana mkono na mwenziwe, akazungushwa kwa nguvu, akapokewa na wa pili, akashuka hivyo hadi mwisho wa safu. Kwa kuwa hatua zinaitwa, niliambiwa na bibi harusi nini kinakuja, nikakaa mwisho wa safu na kuwasubiri wakinijia. Baadaye wapigaji wetu walipoingia na sindimba hakukuwa na mwitaji wa maneno, ila ngoma yenyewe inaita, na aliyekulia huku anasikia inapobadilika kabla viuno havijabadilika. Shangazi mmoja wa bwana harusi, mama wa miaka 60 na zaidi, aliingizwa katikati na kina mama wa Mikindani, akachanganya hatua za kwao na za kwetu. Nilizima flashi, nikapunguza kasi ya shata, yaani kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, hadi sehemu 1 ya 30 ya sekunde, nikaiacha miguu ififie na uso ubaki. Taa zilikuwa balbu 6 za jenereta. Sijawahi kupata picha ya ngoma ukumbini iliyonipendeza kiasi hicho, pamoja na taa zao zote.

Jambo jingine ambalo halina budi kusemwa ni kwamba utulivu hauna maana ya mpiga picha kuingia kila mahali. Wageni walipokuwa wakila wali wa nazi na pweza, nilisogea na kamera, na mama mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, tuache tule kwanza." Niliiweka kamera chini, nikamwamkia, nikakaa, nikapewa sahani. Bibi wa bibi harusi naye alikataa kabisa kupigwa picha akiwa amevaa khanga ya jikoni, na nilipomfuata baada ya saa nzima akiwa amejitanda mpya, alinikubalia picha moja, si mbili. Nimeona wenzangu wakipiga kwa siri kwa lenzi ndefu, wakaita huko ni kunasa maisha yalivyo. Kwa mila zetu kuna upande wa wanawake, na picha iliyochukuliwa huko bila idhini inaweza kuvunja udugu wa nyumba mbili hata kama ni nzuri.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ni la saa, si la fedha. Chakula kiliwe mapema kwa wanaotaka kula, lakini maharusi watoke mbele ya watu baada ya saa 9 na nusu, na kati ya saa 11 na saa 12 jioni pasiwe na hotuba, zawadi wala safari. Nasema safari kwa sababu siku ile ile ya Agosti wajomba wa Kiskoti waliomba wapelekwe mjini, saa 11 kasoro robo, wakaone mahali ambapo David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre ya kwao, alianzia safari yake ya mwisho kwenda bara mwaka 1866. Hakuna aliyeweza kuwakatalia wageni, maharusi wakafuatana nao, wakarudi na dakika 20 za jua. Livingstone amesubiri muda wote huu, angeweza kusubiri hadi kesho yake asubuhi. Na mpiga picha naye, nikiwa wa kwanza kujisema, aende shambani siku chache kabla, saa ileile ya sherehe, aone jua linaangukia wapi na upepo wa kusi unavuma kutoka upande gani, maana shela na kilti vyote viwili hupeperuka, na kimoja kati ya hivyo kina aibu zaidi kuliko kingine.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kamati ya Mtama, mkoani Lindi, wanaotaka harusi ya namna hii mwakani, marobota ya nyasi na yote. Nyasi nimewashauri waziache na watandike mikeka. Saa 9 na nusu wameikubali bila ubishi. Aliyebaki kukubali ni mshereheshaji, ambaye anauliza kwamba kuanzia saa 11 hadi saa 12, kama hakuna ratiba, yeye atakuwa anasema nini.

Wako,
Mpiga picha za harusi,
Mikindani, Mtwara