Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, mafundi wenzangu,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na wanaodaiwa ada wanajijua. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililotawala madarasa yetu ya Jumamosi mwaka mzima: sola za peroviskaiti, yaani paneli mpya zinazovuna mwanga kwa fuwele ziitwazo peroviskaiti, badala ya silikoni ya paneli tulizozoea. Wateja wa Kariakoo wameanza kuziulizia, na fundi asiye na jibu huonekana kanjanja.

Sifa zake si uongo. Silikoni huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Peroviskaiti hupakwa ikiwa majimaji, kama rangi, kisha hukaushwa kwa nyuzi 100 hadi 150 hivi, na utando wake ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara mia. Mwaka 2009 timu ya mwanasayansi Miyasaka kule Japani ilipata ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, wa asilimia 3.8 tu. Leo maabara zimevuka 26. Ikilazwa juu ya silikoni, kila moja ikivuna rangi zake za mwanga, kampuni ya LONGi ya China ilifikia 34.6 mwaka 2024. Ila mwenye kusifia hayo akumbuke kwamba seli hiyo, yaani kipande kinachozalisha umeme, ilikuwa na ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Kinachonisumbua ni kudumu. Utando ule mweusi ukipata unyevu huvunjika na kugeuka njano, na umeme ndiyo basi tena. Joto na mwanga wa jua navyo huuchosha. Watafiti wamebadilisha baadhi ya viambato, wakatia madini ya sesiamu, wakaziba kasoro za juu ya fuwele, wakafunga vioo pande zote mbili na kuzungushia mpira wa butili ukingoni. Mtihani unaotumika ni saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Hizo ni kama siku 42. Paneli ya silikoni mteja huahidiwa miaka 25.

Sasa fikirini masika yetu, na bati la Mbagala saa saba mchana mwezi wa pili. Mimi mwenyewe nilifunga paneli za bei chee Kigamboni. Masika ya pili haikuisha, unyevu ukapenya ukingoni, nyaya za ndani zikaota kutu. Na ile ilikuwa silikoni, ambayo yenyewe maji haiyaogopi!

Kwa hiyo kamati imekubaliana: mwanachama asifunge peroviskaiti kwa mteja kabla ya kuona cheti cha mtihani ule wa saa 1,000 na dhamana ya maandishi. Fremu isitobolewe. Paneli ikipasuka isitupwe mtaroni wala kuchomwa, kwa sababu ndani mna madini ya risasi.

Darasa lijalo tutafungua paneli zilizokufa tuone maji yalipitia wapi. Mwenye nayo nyumbani aje nayo, hata iliyopasuka kioo.